Chujio la mkaa wa mifupa kutoka chuo kikuu: tulipokee, au tuendelee kuchemsha maji?

"Mimi ni mjumbe wa kamati ya maji ya kijiji chetu kilichopo kwenye miteremko ya Mlima Meru, wilayani Arumeru. Mwaka jana wahandisi wa chuo kikuu kimoja walikuja kupima kisima chetu kirefu, wakatuambia kina floraidi miligramu 6 kwa lita. Sasa wamerudi na machujio ya ndoo yenye mkaa wa mifupa. Wanataka kuyagawa bure kwa kaya 30 kwa mwaka mmoja wa utafiti, na baadaye wajenge chujio kubwa shuleni. Kijiji kimegawanyika. Wazee wanasema maji haya wameyanywa tangu utoto na wapo. Wengine wanasema dawa ni kuyachemsha tu. Wapo wasiotaka hata kusikia habari ya mifupa, na vijana wanauliza kama tunafanywa watu wa kujaribishiwa vitu. Nina watoto wawili, wa miaka 11 na miaka 4. Meno ya mkubwa yameshakuwa ya kahawia. Je, chujio hili linafanya kazi kweli? Meno ya mtoto yatarudi? Tukubali au tukatae?"

Ndugu mjumbe, swali lako limebeba maswali matatu ambayo mikutanoni huchanganywa na kuwa moja: kama floraidi hiyo ina madhara kweli, kama chujio linaiondoa kweli, na kama waliolileta wanastahili kuaminiwa. Mawili ya kwanza yana majibu ya kisayansi yaliyo wazi. La tatu litategemea mtakachoandikiana nao kabla ndoo ya kwanza haijagawiwa. Msimamo wangu nauweka mbele ili usome mengine ukiwa unaujua: kubalini, lakini kwa masharti yaliyoandikwa, na wakati huohuo anzeni kupanga maji ya mvua, ambayo kwa kijiji cha aina yenu nayapa nafasi kubwa kuliko chujio lolote.

Kwanza kipimo chenyewe. Miligramu 6 kwa lita ni mara nne ya kiwango cha 1.5 kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, ambacho ndicho pia Tanzania inachokitumia sasa. Nasema "sasa" kwa sababu kwa miaka mingi nchi yetu iliruhusu hadi miligramu 4 kwa lita. Haikuwa kwamba miili ya Watanzania inahimili zaidi. Ni kwamba kufunga kila kisima kilichozidi 1.5 katika mikoa kama Arusha, Kilimanjaro, Manyara, Singida na Shinyanga kungewaacha watu wengi bila maji ya aina yoyote. Kwa hiyo mtu akikuambia kisima fulani kilipitishwa na serikali, muulize kilipitishwa lini na kwa kiwango kipi.

Hoja ya wazee naiheshimu, lakini ina kasoro moja ambayo huenda hawajaifikiria: maji waliyokunywa wakiwa watoto yawezekana si haya. Vijiji vingi vya eneo hilo vilitegemea vijito na chemchemi kabla visima virefu havijachimbwa, na chemchemi mbili zilizo umbali mfupi tu zinaweza kutofautiana sana kwa floraidi. Sababu iko ardhini. Miamba na majivu ya volkano ya Meru, kama ilivyo sehemu kubwa ya Bonde la Ufa kutoka Ethiopia kupitia Kenya hadi kwetu, ina floraidi na sodiamu kwa wingi na kalsiamu kidogo. Kalsiamu ingekuwapo ya kutosha ingeishika floraidi na kuifanya itue chini kama jiwe. Ikikosekana, floraidi hubaki imeyeyuka majini. Kadiri maji yanavyokaa muda mrefu ndani ya miamba hiyo, ndivyo yanavyozidi kuichukua. Ziwa Momela, lisilo na mto wa kulitoa maji, limepimwa likakutwa na mamia ya miligramu kwa lita. Kisima kirefu mara nyingi huleta maji yaliyokaa ardhini muda mrefu, na kwa bahati mbaya usafi wake dhidi ya vijidudu ndio unaotufanya tuyaamini kwa mambo mengine yote.

Kuhusu kuchemsha nitasema bila kuzunguka: hakusaidii, na kwa floraidi kunadhuru kidogo. Moto huua vijidudu vya kuhara na homa ya matumbo, na kwa hilo uendelee kuchemsha. Floraidi, hata hivyo, si kiumbe cha kuuawa. Ni chembe ya madini iliyoyeyuka. Maji yanapotoka kama mvuke, floraidi hubaki sufuriani, kwa hiyo lita sita zikichemka hadi zikabaki tano, floraidi yote ya zile sita imo ndani ya tano zilizobaki. Dawa za klorini, chujio la mchanga, chujio la udongo wa kufinyanga na kuanika chupa juani ni njia nzuri kwa kazi zake, lakini hakuna hata moja inayoigusa floraidi. Usiyapime maji haya kwa macho wala kwa ulimi, kwa sababu yenye miligramu 6 na yenye nusu miligramu yanafanana kwa rangi, harufu na ladha.

Sasa meno. Floraidi kidogo huimarisha meno, ndiyo maana imo kwenye dawa za mswaki. Madhara huja ikizidi katika miaka ambayo jino bado linajengwa ndani ya ufizi. Tabaka gumu la nje la jino hukomaa kwa kuondoa protini na kujaza madini mahali pake. Floraidi nyingi huvuruga ukomavu huo, na jino huota likiwa na vitundu vidogo visivyoonekana. Rangi ya kahawia huingia baadaye, baada ya jino kutoka. Hii ndiyo sababu mtoto wako mkubwa hawezi kuusugua uchafu ule ukatoka, na ndiyo sababu si haki kumwambia kwamba hapigi mswaki. Watoto wengi wa ukanda huo wamechekwa kwa kosa lisilo lao.

Meno ya kudumu, ukiacha magego ya mwisho, hukamilisha tabaka hilo kufikia takriban miaka 8. Kwa hiyo kubadili maji leo hakutayasafisha meno ya mwenye miaka 11. Daktari wa meno anaweza kupunguza rangi kwa kusugua tabaka la juu au kulifunika jino, na inafaa umpeleke umsikie, lakini chujio halitafanya kazi hiyo. Kwa mwenye miaka 4, hata hivyo, bado kuna karibu nusu ya safari. Kwake kila mwezi wa maji yenye floraidi kidogo una faida, na kama mnaanza na kaya 30 tu, ningeshauri zichaguliwe kwa kigezo hicho: nyumba zenye watoto chini ya miaka 8 kwanza, wala si za wajumbe wa kamati. Mtoto anayenyonya ana kinga yake, kwa sababu maziwa ya mama huwa na floraidi kidogo sana hata kama mama anakunywa maji yenye floraidi nyingi. Hatari humwanza siku anapoanzishiwa uji.

Mkubwa naye asiachwe, kwa kuwa meno ndiyo dalili ya mwanzo, si ya mwisho. Floraidi inayoingia kila siku kwa miaka mingi hujikusanya kwenye mifupa na viungo, ikaleta maumivu, ukakamavu wa mgongo na shingo, na katika hali mbaya ulemavu. Shirika la Afya Duniani linaweka mwanzo wa dalili za mifupa kati ya miligramu 3 na 6 kwa lita, na ulemavu mkubwa maji yakipita 10. Kwa kiwango chenu cha 6, wapo watakaopata dalili na wapo watakaozeeka bila kuzijua. Hutegemea kiasi cha maji mtu anachokunywa, joto la mahali, kazi anayofanya, na lishe, hasa kalsiamu. Mzee mmoja mwenye mgongo mzima hathibitishi kwamba maji ni salama.

Kuna kitu hukukitaja ambacho lazima nikiulize kwa sababu nadhani kimo jikoni kwenu: magadi. Magadi yanayotiwa kwenye makande na maharage ili yaive haraka yanaweza kuwa na floraidi nyingi sana, na kiasi chake hutofautiana kutoka gunia moja hadi jingine. Watafiti wa afya ya meno nchini waliwakuta watoto wenye meno yenye madoa hata katika maeneo ambayo maji yake yana floraidi kidogo, na magadi yakawa miongoni mwa washukiwa wakuu. Ukichuja maji kwa uangalifu, kisha ukatia kijiko cha magadi chunguni, huenda umerudisha ulichokitoa. Kuyaloweka maharage usiku kucha kunapunguza muda wa kuyapika bila gharama yoyote. Nawashauri pia hao wahandisi wapime magadi yanayouzwa kwenye soko lenu. Utafiti wa maji usiogusa magadi, katika sehemu hiyo ya nchi, ni nusu ya utafiti.

Tuje kwenye mkaa wa mifupa. Si jambo jipya wala si la kubahatisha. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, kilicho chini ya Wizara ya Maji, kimeushughulikia kwa miaka mingi, hapohapo wilayani kwenu. Nakuru, Kenya, Jimbo Katoliki limekuwa likiutengeneza na kuujaza kwenye machujio ya nyumbani na ya vijiji tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, na baadaye watafiti wa Eawag, taasisi ya maji ya Uswisi, walisaidia kuuongezea umri kwa kuuchanganya na punje zinazoachia kalsiamu na fosfeti taratibu. Unavyofanya kazi ni rahisi kueleza. Mfupa, ukishachomwa kwenye tanuri lenye hewa kidogo kwa nyuzi joto za mamia kadhaa, huacha madini ya kalsiamu na fosfeti, yaani yaleyale yaliyomo kwenye mifupa na meno yetu. Madini haya hupenda kubadilishana: huachia chembe yake moja na kuchukua floraidi mahali pake. Kile ambacho floraidi hukifanya mwilini kwa kujikusanya mifupani, mhandisi anakifanya kifanyike ndani ya ndoo badala yake.

Ubora wa uchomaji ndio unaoamua mengi. Mifupa isiyoiva vizuri, yenye rangi ya kahawia, hubaki na mafuta na nyama iliyokauka. Maji yake yatanuka na watu watayakataa siku ya kwanza. Iliyochomwa kupita kiasi ikawa nyeupe hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake. Inayofaa ni nyeusi au kijivu kilichokoza, haina harufu, na ikioshwa maji yake hutoka meupe. Waombeni wawaonyeshe gunia kabla halijafungwa ndani ya ndoo.

Kwa wanaoona ugumu kuhusu mifupa, sayansi inaweza kusema jambo moja tu: baada ya tanuri hakuna nyama, damu wala uboho, bali madini na kaboni kidogo. Lakini dhamiri ya mtu haitulizwi kwa kemia, na sioni sababu ya kumlazimisha mtu kunywa anachokichukia. Ulizeni mifupa imetoka machinjio gani na ni ya mnyama gani, mtake jibu hilo kwa maandishi, kisha mwaite sheikh na mchungaji waliopo kijijini wazungumze na wahandisi mbele ya watu. Hilo lifanyike kabla ya ugawaji. Likifanyika baada ya uvumi kuenea halisaidii. Nimeona mradi mzuri ukikwama kwa sababu suala hili lilichukuliwa kuwa ushamba.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha barua hii yote. Mkaa wa mifupa hujaa. Nafasi zake za kushika floraidi zina hesabu, kama viti vya daladala. Zikishakaliwa zote, abiria wanaofuata wanapita tu. Tofauti ni kwamba hapa hakuna konda wa kukuambia gari limejaa. Maji yataendelea kutoka bombani meupe, matamu, yenye miligramu zilezile 6, na familia itaendelea kuamini kwamba inakunywa maji salama. Chujio lililojaa naliona baya kuliko kutokuwa na chujio, kwa sababu linawaondolea watu tahadhari.

Fanya hesabu pamoja nami. Kutoka miligramu 6 kushuka hadi 1 ni kuondoa 5 katika kila lita, yaani 100 katika ndoo ya lita 20. Tuchukulie gramu moja ya mkaa inashika miligramu 2 kabla maji hayajavuka kiwango. Ni kadirio la kufanyia hesabu tu, na mkaa uliochomwa vibaya hautalifikia. Chujio lenye kilo 3 litashika miligramu 6,000, sawa na ndoo 60. Nyumba inayotumia ndoo moja kwa siku kwa kunywa na kupika italijaza kwa miezi miwili. Kwa mwaka mmoja nyumba hiyo inahitaji takriban kilo 18 za mkaa, na kaya 30 zinahitaji zaidi ya nusu tani. Chukua shule yenye wanafunzi 400, kila mmoja akitumia lita 2 kwa kunywa, uji na chakula: ni lita 800 kwa siku, miligramu 4,000 za kuondolewa, kilo 2 za mkaa kila siku ya masomo. Kwa siku 200 za masomo ni kilo 400. Nani atazichoma? Nani atazileta, na kwa fedha za nani, wakati msimamizi wa utafiti ameshaandika ripoti yake na mwanafunzi wake ameshavaa joho?

Hapo ndipo miradi mingi ya vyuo vikuu, hapa kwetu na kwingineko, huishia. Ugunduzi wenyewe huwa mzuri. Udhaifu huwa kwenye mwaka wa pili. Sisemi haya kuwadharau. Mfumo wanaofanyia kazi huwalipa kwa makala na shahada, na haumlipi mtu kwa kurudi kijijini kubadilisha mkaa. Wapo waliojaribu kuvuka pengo hilo. Dk. Askwar Hilonga, mhandisi kemikali wa Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela iliyoko Arusha, alitengeneza chujio linalounganisha mchanga na chembe za nano, yaani chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, zinazopangwa kulingana na tatizo la maji ya mahali husika, na mwaka 2015 akawa mshindi wa kwanza wa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Kinachonivutia katika kazi yake kuliko tuzo ni kwamba aliona mapema umuhimu wa biashara ndogo za kuuza maji yaliyochujwa, ili awepo mtu ambaye riziki yake inategemea chujio kuendelea kufanya kazi. Hata hivyo, mkipelekewa chujio la aina hiyo au jingine lolote, swali ni lilelile: je, hili mliloleta limeandaliwa kwa ajili ya floraidi, na kwa maji yetu litadumu ndoo ngapi?

Mbadala upo, nao una gharama zake. Njia ya Nalgonda, iliyoandaliwa India katika miaka ya 1970 na kupewa jina la eneo ilikoanzia kutumika, hutumia shabu na chokaa: unakoroga, unaacha itue, unamimina maji ya juu. Haina mfupa na vifaa vyake hupatikana. Lakini inataka vipimo sahihi kila siku, huacha tope la kutupa, na kwa maji yenye floraidi nyingi inahangaika kufika chini ya 1.5, na shabu ikizidi, alumini na salfeti hubaki majini. Alumina iliyoamilishwa, yaani punje za madini ya alumini zinazoshika floraidi, hufanya kazi vizuri, ila huagizwa na hutaka uangalizi wa kemikali. Mashine za kusukuma maji kupitia utando mwembamba huondoa karibu kila kitu, na pia huhitaji umeme, fundi, na mahali pa kumwaga maji yenye chumvi yanayobaki. Kwa mji au kiwanda sawa. Kwa kijiji chenu sizioni.

Kama kuna chemchemi yenye floraidi kidogo, kuchanganya maji ni njia ambayo mamlaka nyingi za maji huitumia, lakini ifanyie hesabu kwanza. Ikiwa chemchemi ina miligramu 0.5, ili mchanganyiko uwe 1.5 maji ya kisima yasizidi sehemu moja kati ya tano na nusu. Maana yake chemchemi ndiyo itakayobeba mzigo, na kama inaweza kubeba kiasi hicho, huenda hamkihitaji kisima kwa kunywa hata kidogo.

Ndiyo maana nikasema mvua. Maji ya mvua karibu hayana floraidi, na upande wenu wa Meru mvua si haba. Bati la mita za mraba 40, mvua ikiwa milimita 800 kwa mwaka na tukihesabu kwamba moja ya tano inapotea, hukusanya zaidi ya lita 25,000. Familia ya watu sita ikitumia lita 5 kila mtu kwa kunywa na kupika pekee inahitaji lita 30 kwa siku, chini ya lita 11,000 kwa mwaka. Miezi mitano ya kiangazi ni lita 4,500. Simtanki la lita 5,000 likijazwa mwishoni mwa masika linatosha, alimradi hakuna anayelichota kufulia au kunyweshea ng'ombe. Kuna usumbufu: tangi na mifereji ya bati hugharimu fedha nyingi kwa mara moja, maji ya kwanza ya mvua lazima yaachwe yapite na vumbi na kinyesi cha ndege, na maji ya tangini lazima yachemshwe au kutiwa dawa, kwa sababu hapo sasa vijidudu ndivyo shida. Lakini tangi halijai floraidi kimyakimya. Likiisha maji, kila mtu anaona. Kisima chenu kibaki kwa kufua, kuoga na kumwagilia. Floraidi haipiti kwenye ngozi kwa kiasi cha kuwatia wasiwasi.

Nirudi kwa wahandisi wenu na swali la vijana. Vijana wako sahihi kuuliza, na mtafiti mwadilifu hatakasirika. Utafiti nchini unapaswa kuwa na kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, na unapohusisha afya za watu unahitaji pia idhini ya kimaadili. Waombeni waonyeshe, na mtendaji wa kijiji abaki na nakala. Kila kaya iulizwe peke yake, iwe na uhuru wa kukataa au kujitoa bila kunyimwa huduma nyingine, na majibu ya vipimo yarudi kijijini kwa Kiswahili. Kwenye mkataba ningesisitiza mambo machache yaliyo mahususi. Kila chujio liandikwe idadi ya ndoo linaloruhusiwa, na kila nyumba ipewe daftari la kuweka alama. Kwa hesabu yangu ya ndoo 60 ningebadilisha mkaa kwenye ndoo ya 45, nisisubiri. Sampuli zipimwe kila mwezi mwaka mzima. Mkaa uliojaa uchukuliwe na chuo. Kuusafisha upya hutumia magadi makali ya viwandani (kostiki soda, si magadi ya jikoni) yanayounguza ngozi na kuacha maji machafu yenye floraidi nyingi, kazi isiyofaa kufanywa nyumbani. Na iandikwe ni nini kitatokea mwezi wa kumi na tatu. Kama hawana jibu la mwezi huo, msiwafukuze: waambieni wapunguze kaya kutoka 30 hadi 15 na fedha iliyobaki wafundishe vijana wenu wawili kuchoma mkaa na kutumia kipimo. Chujio la shule lisijengwe kabla ya hilo kukamilika. RUWASA, ambayo tangu 2019 ndiyo inayosimamia maji ya vijijini, ishirikishwe tangu mkutano wa kwanza, maana mradi ukiisha wao ndio watakaobaki na ninyi.

Yapo yasiyoweza kujibiwa kwa maandishi. Mtoto ambaye miguu yake inapinda, au anayelalamika maumivu ya mifupa, apelekwe hospitali. Matege yana sababu kadhaa, upungufu wa vitamini D na kalsiamu ukiwamo, na tiba zake ni tofauti. Asifungiwe ndani kwa kudhaniwa kwamba ni maji tu. Mtu mzima ambaye shingo au mgongo umeanza kukakamaa, au anayepata ganzi na udhaifu wa miguu, amwone daktari na amweleze anakunywa maji ya wapi na kwa miaka mingapi, kwa kuwa mara nyingi daktari hataliuliza hilo mwenyewe. Mwenye ugonjwa wa figo apewe maji yenye floraidi kidogo kabla ya wengine, kwa sababu figo dhaifu huitoa kwa shida.

Na kabla hamjatia saini chochote, pimeni maji yenu wenyewe, msitegemee kipimo cha mwaka jana pekee. Chukueni chupa safi ya plastiki, si ya kioo, isuuzeni mara tatu kwa maji yaleyale ya kisima, mwijaze baada ya bomba kutiririka dakika chache, mwandike tarehe na jina la chanzo, kisha muipeleke maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji iliyoko Arusha. Chukueni pia chupa ya pili kutoka kila chemchemi inayotumika kijijini, hata ile ndogo mnayoidharau, na mrudie vipimo hivyo mwishoni mwa kiangazi maji yanapokuwa yamepungua.